Chai ya Ghorofa ya Sita

Ungemuuliza mfagiaji yeyote wa jengo lile la serikali ni nani mwenye kazi ya raha kupita wote, angekunyooshea kidole Rubani. Wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu kutwa nzima alikuwa akipaa na kutua. Yeye ndiye aliyeendesha lifti. Alivaa koti la vifungo vya shaba na viatu alivyovipiga rangi mpaka ungeweza kujitazamia ukinyoa ndevu. Hakushika fagio, hakubeba mizigo, hakunyeshewa mvua. "Kazi yako wewe ni kusimama tu," walimtania. "Hata nguzo ya umeme inasimama, na hailipwi." Naye alicheka nao, kwa sababu ukitaniwa na watu wanaokupenda huna sababu ya kununa.

Raha yenyewe hebu tuitazame. Lifti ilikuwa chumba kidogo cha mbao zilizong'arishwa, watu sita wakiingia wanabanana. Mbele palikuwa na mlango wa nondo wa kukunja, kwa hiyo uliona kila ghorofa inavyokupita. Ukutani palikuwa na mkono wa shaba: ukiusukuma huku chumba kinapanda, ukiusukuma kule kinashuka, ukiuacha katikati kinasimama. Ustadi wote ulikuwa katika kusimamisha. Asiyejua angesimama shibiri juu ya sakafu au shibiri chini yake, bibi wa watu akajikwaa, na kazi ikaota mbawa. Rubani alisimama sawasawa na sakafu kila mara, hata macho yakiwa mahali pengine. Alikuwa na kigoda, ila aliruhusiwa kukikalia lifti ikiwa tupu tu. Na sharti kubwa kuliko yote lilikuwa kwamba awape abiria kisogo na asifungue mdomo mpaka aulizwe. Ndiyo maana watu aliowabeba miaka nenda miaka rudi aliwajua kwa viatu, kwa manukato na kwa jinsi wanavyokohoa.

Abiria hao walikuwa weupe. Siku zile nchi ilikuwa imegawanywa kwa rangi kuanzia wodi ya wazazi mpaka makaburini, na waliokaa kuigawa hawakuisahau lifti. Kibao cha shaba kando ya mlango kilisema ni ya weupe, na kwamba weusi wataipanda wakiwa kazini tu. Maana yake, mtu mweusi aliyekuja na shida zake alizunguka nyuma akapanda ngazi za chuma zilizojengewa nje ya ukuta. Mtu huyo huyo akishika ndoo, fagio au trei ya chai, lifti ilimfungukia. Kwa ufupi, ndoo ndiyo iliyokuwa na ruhusa, na mtu aliisindikiza tu. Rubani mwenyewe, siku ya mshahara, alivua koti lake la vifungo, akapanda kwa miguu hadi kwenye dirisha la mhasibu, akashuka kwa miguu, akavaa koti na kurudi ndani ya lifti yake. Ukicheka sikulaumu. Waliotunga sheria hiyo hawakucheka hata siku moja, na hapo ndipo hasira hunipanda.

Nyumbani Rubani aliishi na dada yake mkubwa, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Huyo dada alikuwa amefua nguo za watu maisha yake yote, amesimama kwenye maji mpaka miguu ikavimba na moyo ukaanza kumsumbua. Akienda sokoni alipumzika njiani mara kadhaa, mkono kifuani, akijifanya anatazama bidhaa za watu. Mumewe alikuwa amekufa zamani, akamwachia mtoto mmoja wa kiume, na majirani wakamwita Mama Wakili kwa ajili ya huyo mtoto. Wakili hakuwa wakili wa mahakama yoyote. Alikuwa kijana wa kiwanda cha kufunga vitabu, ndevu ndiyo kwanza zinamwota, na jina alilipata kwa kuwa tangu anaanza kusema hajawahi kukubali kushindwa kwa maneno.

"Mjomba," alikuwa akianza wakati wa chakula, "leo umewapandisha watukufu wangapi?"

"Sikuwahesabu."

"Na mimi nikija?"

"Njoo na ndoo."

Wote watatu walicheka, kisha kijana aliacha kucheka kabla ya wenzake. "Siku moja tutapanda mikono mitupu, Mjomba."

"Siku hiyo mimi nitafukuzwa, na hicho unachotafuna sijui kitatoka wapi."

"Kuleni, jamani," mama alikata maneno. "Hiyo lifti iacheni huko huko kazini."

Basi kijana akaiacha lifti, akaenda posta. Yeye na wenzake kadhaa waliingia kwa mlango wa mbele wa posta kuu ya mji, wamevaa mashati yao mazuri, wakapanga foleni kwenye dirisha la weupe. Kila mmoja alitaka kununua stempu. Hawakupiga kelele, hawakumgusa mtu. Walipoambiwa dirisha lao liko uani, walijibu kwa adabu kwamba hili liko karibu zaidi. Polisi walipokuja waliwakuta bado wamesimama, mmoja nyuma ya mwingine, na mtu wa mbele ameshikilia sarafu yake.

"Stempu!" Mama Wakili alilia jioni hiyo. "Hata mtu wa kumwandikia hana!"

Rubani alitaka kumkasirikia mpwa wake, akashindwa. Alichokiona moyoni ni aibu, na hakujua ni ya nini.

Siku iliyofuata habari zilikuja zimekamilika. Vijana wa posta hawatafikishwa mahakamani. Watapelekwa kwenye machimbo ya mawe kule jangwani, wakae mpaka serikali itakaporidhika, na kila mtu alijua serikali ile ilivyokuwa ngumu kuridhika. Malori yataondoka kesho yake kitakapolia king'ora cha saa sita mchana. Ulikuwepo mlango mmoja tu. Kijana aliyezaliwa mjini angeweza kukabidhiwa mzazi wake, mradi mzazi aje mwenyewe mbele ya Kamishna, amtambue mwanawe na kumdhamini kwa mdomo wake. Kamishna alipokea wazazi asubuhi tu, ofisini kwake. Na ofisi yake ilikuwa ghorofa ya sita ya jengo la Rubani.

Rubani alimuuliza karani kama mjomba anaweza kuja. Karani akamwambia mjomba si mzazi. Basi, ikabaki kwa mama.

Asubuhi ya siku ya malori Mama Wakili alianzia kituo cha polisi, kwa sababu alitumaini walau atamwona mwanawe. Hakumwona. Walimweka kwenye benchi muda mrefu, kisha wakamwambia asipoteze wakati, aende kwa Kamishna. Wakati wenyewe walikuwa wameshampotezea. Rubani alikuwa akimngojea tangu alipofungua mlango wa lifti, kila akitua anachungulia ukumbini, mpaka tarishi mmoja alipopita karibu na kumnong'oneza.

"Rubani, dada yako yuko ngazi za nyuma. Amekaa chini."

Alimkuta kwenye kijukwaa cha kwanza, ameegemea ukuta, kitenge kimelowa jasho shingoni. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Napumzika tu, mdogo wangu. Usinitazame hivyo."

"Dada, hapa hujafika hata ghorofa ya kwanza."

"Si nitapanda kidogo kidogo?" Alishika chuma, akajivuta, akapanda vidato vichache na kukaa tena. Alikuwa akivuta hewa kwa mdomo.

Wafagiaji wawili walijaribu kumshika huku na huku, lakini ngazi ile ilikuwa ya upana wa mtu mmoja. Mmoja akainama ambebe mgongoni. Kifua kilipobanwa Mama Wakili alishindwa kabisa kupumua, wakamtelemsha haraka. Kengele ya lifti ilikuwa ikilia, na Rubani alikuwa akiisikia kama inalilia ndani ya kichwa chake. Hapo ndipo wazo lilipomjia. Lilimjia yeye, si mtu mwingine, na jambo hilo halikumwacha alale vizuri tena maisha yake yote.

Chini ya ngazi palikuwa na jiko dogo la Mama Chai, mwanamke aliyepikia jengo zima chai na kuipeleka maofisini. Rubani alipomweleza, hakuuliza maswali mawili. Alivua aproni yake nyeupe akamfunga Mama Wakili kiunoni, akamvika kitambaa chake cha kichwa, akampakilia trei: birika, vikombe, maziwa, bakuli la sukari.

"Ukifika juu, mwenzangu, trei itupe popote," alimwambia akimfunga fundo. "Vua hiki kitambaa, ingia kwa Kamishna ukiwa mama mtu."

"Nitaweza kuishika hii?"

"Umeshika mizigo mizito kuliko hii. Haya, nenda, Mungu akutangulie."

Mama Wakili alikuwa hajawahi kuingia ndani ya lifti ile. Alisimama katikati na trei yake, akageuza macho kutazama mbao, taa, mkono wa shaba.

"Kumbe ndiyo hii."

"Ndiyo hii, Dada."

"Inanukia vizuri." Akatabasamu kidogo, na Rubani naye, pamoja na yote, akacheka. Alitaka kumpa kigoda akalie, akaogopa. Mtu wa chai hakai. Alisukuma mkono, na sakafu ya chini ikaanza kuzama.

Walipita ghorofa ya kwanza bila shida. Kabla ya kufika ya pili, kengele ya ghorofa hiyo ililia, ikalia tena, ikashikiliwa. Rubani alimjua mwenye kidole hicho. Alikuwa msimamizi wa chumba cha wapiga taipu, ambaye watumishi wote walimwita Bibi Kengele kwa vile alibonyeza kengele kama anayeua mdudu. Kuruka kengele lilikuwa kosa, na kosa hilo lingemfanya apige kelele mpaka mlinzi aje. Rubani aliwaza kupita. Akasimama.

Bibi Kengele aliingia na harufu yake ya maua. Macho yalitua kwenye trei.

"Hatimaye!" alisema kwa lugha ya weupe, ambayo Rubani aliijua na dada yake aliijua kwa kubahatisha. "Wageni wangu wamekaa na koo kavu. Ghorofa ya tatu."

Rubani alivunja sharti. Alisema bila kuulizwa, akiwa bado amempa kisogo. "Samahani, Bibi. Hiyo chai ni ya Kamishna, ghorofa ya sita."

"Ya Kamishna? Kamishna hanywi chai. Anakunywa kahawa, tangu nimjue." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesahihisha hesabu ya mtoto. "Ghorofa ya tatu."

Nyinyi mnaosoma mtasema, si angesema kweli hapo hapo? Angesema nini? Kwamba huyu si mtumishi, amepandishwa kwa hila? Mlinzi angeitwa, Mama Wakili angetolewa nje kwa mashtaka, na Kamishna asingemwona kabisa. Akinyamaza, pengine chai ingemiminwa, vikombe vingekusanywa, na njia ingepatikana. Alinyamaza. Alisimamisha lifti sawasawa na sakafu ya ghorofa ya tatu, akafungua mlango, na dada yake akatoka nyuma ya Bibi Kengele na trei mikononi. Alipofika nje aligeuza shingo kumtazama mdogo wake. Mlango ulikuwa umeshafungwa na kengele ya chini inalia.

Kuanzia hapo Rubani alikuwa akipanda na kushuka, na kila akipita ghorofa ya tatu aliona kipande cha habari kupitia nondo. Mara ya kwanza aliona dada yake akimimina chai kwenye vikombe vya wageni waliokuja kukagua ofisi. Akapanda na bwana mwenye kikohozi, akashuka. Mara ya pili aliona kikombe kimevunjika na Bibi Kengele akionyesha sakafu kwa kidole. Mara ya tatu dada yake alikuwa amepiga magoti na ndoo, anafuta. Kupiga magoti kwake kulikuwa kazi, na kuinuka kulikuwa kazi zaidi.

Alipotua chini alimkimbilia Mama Chai. Mama Chai akatafuta aproni ya akiba, akapanda naye, akaingia ghorofa ya tatu kwa kujiamini. Rubani akarudi baada ya safari mbili. Mama Chai alikuwa anaosha vikombe, na Mama Wakili bado yuko chini anafuta.

"Nimemwambia nitafuta mimi, amwachie huyu aende," Mama Chai alimnong'oneza mlangoni. "Ananiambia aliyevunja kikombe ndiye afute. Sasa anataka chumba kizima, wageni wasione madoa."

Ikabidi wajaribu tena. Mama Wakili alijisingizia kwenda kumwaga maji, akatoka na ndoo mpaka mlango wa lifti. Rubani akatokea kutoka chini. Lakini lifti ilikuwa imejaa mabwana wa ghorofa ya nne, mabega kwa mabega, na mmoja akamwambia mwanamke mwenye ndoo asubiri zamu nyingine. Rubani aliwafikisha upesi jinsi mashine ilivyoruhusu, akarudi upesi. Mlangoni hapakuwa na mtu. Ndani alisikika Bibi Kengele akiuliza nani amemwambia atoke.

Saa ya ukumbini ilikuwa inakaribia saa sita pale kengele ya ghorofa ya sita ilipolia, taratibu, mara moja tu. Rubani alipanda. Viatu vya kahawia vya soli laini viliingia, na harufu ya kahawa na tumbaku. Kamishna alikuwa peke yake, anakwenda kula.

"Chini."

Rubani alisukuma mkono. Ghorofa ya tano ikapita. Mtu aliyehitajiwa na dada yake kuliko watu wote duniani alikuwa nyuma ya kisogo chake, umbali wa pumzi. Ghorofa ya nne ikapita. Akapiga moyo konde, akaacha mkono katikati. Lifti ilisimama sawasawa na sakafu ya tatu.

"Hapa si chini," Kamishna alisema.

"Ndiyo, Bwana." Rubani alifungua mlango. Dada yake alikuwa amepiga magoti ukumbini, hatua chache mbele yao, kitambaa mkononi. Akamwambia kwa lugha yao wenyewe: "Dada, ndiye huyu. Sema."

Mama Wakili alishika ukuta akasimama. Maji yalimchuruzika magotini. Akalitaja jina la mwanawe, lote, na la baba yake, na mtaa alikozaliwa, akasema yeye ndiye mama na amekuja kumchukua. Sauti haikumkatika hata kidogo.

"Anasema nini?" Kamishna aliuliza.

Rubani akatafsiri kila neno.

Kamishna hakuwa mtu wa kufoka. Ni bora angefoka. Aliitazama aproni, akatazama magoti, ndoo, kitambaa, na uso wake ukawa wa mtu anayeona haya kwa niaba ya mwenzake. "Mama wa kijana huyo nilimngoja asubuhi yote," alisema. "Nilitaka aje. Ni kijana mwenye adabu, alinipendeza. Hakuja."

"Ndiye huyu, Bwana."

Bibi Kengele alikuwa ametoka kutazama kuna nini. Kamishna akamweleza. "Huyu?" Bibi Kengele alishangaa kwa dhati. "Huyu ni wa chai. Yuko hapa tangu asubuhi. Jana alikuwa hapa, juzi alikuwa hapa. Kila siku ndiye anayeniletea chai."

Na hakuwa anasema uongo. Mwenye kumletea chai kila siku alikuwa amesimama nyuma yake na vikombe mkononi, amekodoa macho. Miaka yote hiyo Bibi Kengele alikuwa ameitazama aproni.

Rubani aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu avae koti lile aliwatazama usoni. "Bwana, mimi ndiye niliyempandisha. Moyo wake mbovu, ngazi zilimshinda. Si mtumishi hapa. Nimempa trei ili apate kupanda. Ni kosa langu, nimevunja sheria ya lifti. Nifukuzeni, nifungeni, lakini huyu ni dada yangu na yule ni mwanawe."

"Ni kweli, Bwana," Mama Chai alidakia kwa lugha ya weupe ya kuokoteza. "Aproni yangu. Mimi ndiye wa chai."

Kamishna aliwatazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa, akatabasamu. "Mnasaidiana," alisema. "Hilo nalipenda kwa watu wenu. Lakini siwezi kumkabidhi kijana kwa kila mwanamke mwenye huruma. Mama wa kweli angefika ofisini kwangu."

"Bwana..."

"Chini."

King'ora cha saa sita kilianza kulia mjini. Mama Wakili, ambaye maneno mengi yalikuwa yamempita, alikielewa hicho. Alimtazama mdogo wake, bado anangoja jibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemtafsiria. "Anasemaje?" aliuliza. "Amekubali?"

"Chini," Kamishna alirudia, kwa upole.

Mkono wa Rubani ulisukuma ule wa shaba. Laiti angeweza kusema aliusukuma kwa sababu fulani. Hakuwa na sababu, aliambiwa akasukuma. Sakafu ya tatu ilianza kupanda mbele ya macho yake, dari ya lifti ikauficha uso wa dada yake, ikaificha aproni, mwisho akaona miguu iliyovimba na ndoo. Alisimamisha lifti sawasawa na sakafu ya chini, Kamishna akamwambia asante, na kutoka barabarani ulisikika mngurumo wa malori.

Hakuna aliyefukuzwa kazi. Hakuna aliyeamini kwamba kosa limetendeka. Siku chache baadaye Bibi Kengele aliuliza yule mwanamke wa sakafu yuko wapi, kwa vile alifuta vizuri, na Mama Wakili akaandikwa kazi. Rubani alimsihi asikubali. Alikubali. Alidhani akiwa ndani ya jengo ataipata siku ya kuzungumza na Kamishna. Siku hiyo aliipata kweli, zaidi ya mara moja, akiwa anafuta vumbi kwenye meza yake. Kamishna alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia mambo hayo yamekwisha, kwamba mama alipewa nafasi na hakuitumia. Akamuuliza pia kama anaweza kufuta na madirisha.

Kila asubuhi Rubani alimpandisha dada yake mpaka ghorofa ya sita, na ndoo yake. Wakiwa wawili tu alimpa kigoda. Nyumbani, wakati wa chakula, hakuna aliyeuliza watukufu walikuwa wangapi.

Mwaka ulipokaribia kwisha, kijana mmoja aligonga mlango wao Jumapili mchana. Alikuwa mmoja wa wale wa foleni ya posta, ameachiwa kwa sababu mapafu yamejaa vumbi na hakuwa na faida tena kwa mawe. Alikuwa amekonda mpaka nguo zinamvaa yeye. Walimkalisha, wakampa maji, wakangoja apumue.

"Wakili hajambo," alisema. "Mikono imeota sugu, lakini hajambo. Bado mbishi. Anawasalimu wote."

"Anakula?" Mama Wakili aliuliza.

"Anakula tunachokula." Kijana akageuza bilauri mkononi. "Mama, ameniagiza swali. Nimeahidi kwamba nitakuuliza. Siku ile, kabla ya malori, walituita mmoja mmoja. Aliyejiwa na mzazi alitoka. Yeye waliposoma jina lake walimwambia mama yako hakuja. Anasema hana hasira. Anataka kujua tu ni kwa nini hukuja."

Rubani aliruka kujibu. Alianza na ngazi za nyuma, akaingia kwenye aproni, trei, kengele ya ghorofa ya pili, Kamishna kunywa kahawa badala ya chai. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kusikika kama mtu anayetunga. Kijana alimsikiliza kwa heshima, akikohoa kohoa, na macho yake yalionyesha kwamba hafuati. Rubani akaishia katikati ya sentensi.

Mama Wakili alikuwa ameweka mikono mapajani. "Haya yote hatayaelewa," alisema. "Mwambie nilikuja. Mwambie hivyo tu, mwanangu. Nilikuja, nikafika mpaka ghorofa ya tatu."

Kijana aliinamisha kichwa.

"Mama," alisema, "mimi nimeachiwa. Sirudi tena kule."